Kutunza mishipa ya damu ukiwa na jeraha la uti wa mgongo: mwongozo wa hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale. Mbona presha yangu ni 90 kwa 60 na kila anayenipima anashtuka? Mbona nikiinuliwa tu kukaa macho yanaingia giza? Mguu mmoja umevimba lakini hauumi, nisubiri? Kichwa kinagonga kila ninapoenda haja kubwa, ndivyo kilivyo kwa wote? Tumeyaweka majibu mahali pamoja kwa sababu mzizi wake ni mmoja.

Mzizi ni huu. Mishipa ya damu hubanwa na kulegezwa kwa amri zinazotoka kwenye ubongo na kushuka kupitia uti wa mgongo. Uti ukiumia, mishipa iliyo chini ya jeraha haipati amri hizo. Jeraha likiwa kwenye pingili ya sita ya kifua (T6) au juu yake, hata mishipa ya tumboni, ambayo ndiyo ghala kubwa la damu mwilini, inabaki bila msimamizi. Na kwa kuwa hisia nazo zimekatika, maumivu ambayo yangekuonya hayakufikii. Kazi iliyokuwa ya neva sasa ni ya macho yako, mikono yako, mashine ya presha na futi. Nadharia inatosha hapo.

Kama jeraha lako liko T6 au juu zaidi, soma kila kitu. Kama liko chini ya hapo, sehemu ya presha kupanda ghafla unaweza kuipitia haraka, ingawa wachache wenye jeraha la T7 au T8 nao huipata. Sehemu za miguu, mazoezi na uzito zinawahusu wote.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA YA KUANZA

- Mashine ya presha ya kuvaa mkono wa juu. Ile ya kifundo cha mkono hukosea sana kwa watu wenye presha ya chini au mikono iliyopooza. Angalia pia ukubwa wa kitambaa chake: anayesukuma kiti cha magurudumu kila siku hujaza mikono, na mkono ukizidi sm 32 kwa kawaida unahitaji kitambaa kikubwa. Kitambaa kidogo hutoa namba ya juu kuliko ukweli.
- Futi laini ya fundi cherehani.
- Kalamu ya wino usiofutika haraka.
- Kioo chenye mpini mrefu, cha kuonea visigino na nyayo.
- Kipimajoto.
- Daftari. Simu inafaa, lakini daftari lililo karibu na kitanda hujazwa mara nyingi zaidi.
- Mfuko wa dharura: mpira mpya wa mkojo wa saizi yako, jeli ya kuganzisha (lidokeini 2%), glavu, bomba la sindano kubwa lisilo na sindano, maji safi ya chumvi ya hospitalini, mkasi, na dawa ya kushusha presha ya dharura kama daktari amekuandikia.
- Kadi ya dharura. Tutaieleza kwenye Hatua ya 7.

Kabla ya kununua soksi za kubana au kuanza mazoezi, pata majibu matatu kutoka kwa daktari wako: jeraha langu liko pingili ipi, dawa ninazotumia zinashusha au kupandisha presha, na je, mishipa ya miguu yangu imeshapimwa?

HATUA YA 1: TAFUTA PRESHA YAKO MWENYEWE

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayobeba nyingine zote. Mtu mwenye jeraha la shingo anaweza kuishi vizuri kabisa na namba ya juu ya kati ya 90 na 110. Chati ya ukutani hospitalini haikuandikwa kwa ajili yake.

1. Chagua siku 7 mfululizo ambazo huumwi kitu.
2. Asubuhi, kabla hujainuka, pima ukiwa umelala. Pima mara mbili, dakika 1 kati yake, uandike zote.
3. Kaa. Subiri dakika 3, pima tena ukiwa umekaa.
4. Jioni, ukiwa kwenye kiti na umetulia dakika 5, pima mara mbili.
5. Kila mara mkono uwe umeegemezwa usawa wa moyo. Ukining'inia chini, namba hupanda bure.
6. Usipime ndani ya dakika 30 baada ya kusukuma kiti, kula, kuvuta sigara au kuhama kutoka kitandani. Kibofu kiwe kimetolewa mkojo.
7. Mwisho wa wiki tafuta wastani wa namba za kulala na wastani wa namba za kukaa, kila moja peke yake. Ziandike kwa herufi kubwa ukurasa wa kwanza.

Sasa tazama kazi ya namba hizo. Tuseme kawaida yako ukiwa umekaa ni 98/60. Siku moja kichwa kinaanza kugonga, unapimwa, inatoka 132/84. Asiyekujua atasema presha ni nzuri. Kumbe imepanda pointi 34. Kwa mtu mzima mwenye jeraha la T6 au juu, kupanda kwa pointi 20 hadi 40 juu ya kawaida yake tayari ni dalili ya hatari. Bila ukurasa ule wa kwanza hakuna anayeweza kuiona.

Upande wa pili: namba ya juu ikishuka pointi 20 au zaidi, au ya chini ikishuka 10 au zaidi, ndani ya dakika 3 za kukaa, hiyo ni presha ya kushuka kwa mkao. Wengine hushuka hivyo bila kusikia kizunguzungu. Wanahisi uchovu tu, usingizi, au mawazo kukosa mpangilio asubuhi nzima. Usingoje kuzirai ndipo uamini mashine.

HATUA YA 2: KUTOKA KITANDANI BILA KUZIRAI

Ukikaa, damu hushuka miguuni na tumboni na mishipa haijibani kuirudisha. Kwa hiyo ibane kwa nje, na upande kwa ngazi.

1. Ukiwa bado umelala, kunywa maji glasi 1 au 2. Yahesabu kwenye ratiba yako ya kutoa mkojo, maana kibofu hakitakiwi kuzidi takriban ml 500.
2. Vaa soksi za kubana ukiwa umelala (maelezo yako Hatua ya 3).
3. Vaa mkanda wa tumbo, pia ukiwa umelala. Ukingo wa chini ufunike juu ya mifupa ya nyonga, ukingo wa juu uishie kwenye mbavu za mwisho. Ukipanda juu ya mbavu unazuia pumzi. Vidole viwili viweze kupita chini yake.
4. Inua kichwa cha kitanda takriban nyuzi 30. Subiri dakika 5.
5. Panda hadi nyuzi 60. Subiri tena. Sukumasukuma mikono, kunja na kunjua ngumi kama unaweza.
6. Kaa wima, shusha miguu, subiri dakika chache, ndipo uhamie kwenye kiti.
7. Macho yakiingia giza au masikio yakivuma, rudi ngazi moja. Ukiwa tayari kwenye kiti, msaidizi akae nyuma, aulaze mgongo wa kiti au akiinamishe kiti chote nyuma mpaka kichwa kiwe karibu usawa wa moyo na miguu iwe juu.

Shibe kubwa huvuta damu tumboni, hivyo milo midogo ya mara nyingi humfaa anayezirai baada ya kula. Joto kali na maji ya kuoga ya moto hulegeza mishipa vilevile. Usiku, kichwa cha kitanda kikiinuliwa kidogo, nyuzi 10 hadi 20, mwili hupoteza maji machache na asubuhi huwa nyepesi zaidi.

Onyo: kuna dawa za kupandisha presha, mfano midodrini. Kosa la kila siku ni kumeza kidonge jioni kisha kwenda kulala. Ukilala, presha inapaa. Dozi ya mwisho iwe angalau saa 4 kabla ya kujilaza.

HATUA YA 3: SOKSI ZA KUBANA

Soksi nzuri husaidia, soksi mbaya hukata mguu. Kati ya hizo mbili hakuna maumivu ya kukwambia umevaa ipi.

Kwanza ateri, yaani mishipa inayopeleka damu kutoka moyoni hadi miguuni, zipimwe. Mtu anayetembea akiwa na ateri iliyoziba huumwa shavu la mguu anapotembea, wewe hutembei na huhisi. Kipimo ni rahisi: presha ya kifundo cha mguu inagawanywa kwa presha ya mkono, zote namba ya juu, na fundi wa kipimo hutumia kifaa cha mawimbi ya sauti. Kifundoni 84 na mkononi 104 ni 0.81. Chini ya 0.90 damu haifiki vizuri, na usivae soksi za kubana mpaka daktari aamue. Juu ya 1.40 mishipa imekakamaa, na hapo pia namba hiyo peke yake haiaminiki.

1. Pima miguu asubuhi, kabla ya uvimbe: mzunguko wa sehemu nyembamba kabisa juu ya kifundo, mzunguko wa sehemu nene ya shavu la mguu, na urefu kutoka kisigino hadi mkunjo wa goti.
2. Nunua kwa vipimo hivyo. Saizi ya kiatu haisemi chochote kuhusu shavu la mguu. Nguvu ya mmHg 15 hadi 20 inatosha kuanzia. Ya 20 hadi 30 iwe kwa maelekezo ya daktari.
3. Geuza soksi nje ndani hadi kisiginoni, ingiza mguu, kisha ivute juu kidogo kidogo. Glavu za mpira za jikoni hushika kitambaa vizuri.
4. Pitisha kiganja juu ya soksi yote. Mkunjo mmoja ukiachwa saa nane unaacha kidonda.
5. Usikunje ukingo wa juu kuwa safu mbili. Hapo unakuwa umefunga kamba.
6. Vua kutwa mara mbili kukagua visigino, vidole na mfupa wa mbele wa mguu. Vua usiku kucha.
7. Fua kila siku kwa sabuni laini, anika kivulini. Mpira hulegea, baada ya miezi 4 hadi 6 soksi huwa ni nguo tu.

HATUA YA 4: PIMA MIGUU KUTAFUTA DAMU ILIYOGANDA

Misuli ya shavu la mguu ndiyo pampu inayorudisha damu juu. Imesimama, damu inatuama, na inaweza kuganda ndani ya vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni. Hatari ni kubwa zaidi miezi 3 ya mwanzo baada ya jeraha. Ndiyo maana hospitali huchoma sindano za heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa kawaida wiki 8 au zaidi. Usiziache kwa sababu umeruhusiwa kwenda nyumbani na unajisikia vizuri. Kujisikia si kipimo hapa.

1. Weka alama ya wino sm 10 chini ya nundu ya mfupa iliyo mbele, chini ya goti. Fanya miguu yote miwili. Weka nyingine kwenye paja, sm 15 juu ya ukingo wa juu wa kifupa cha goti.
2. Pima mzunguko kila asubuhi kabla ya kukaa, futi ikigusa ngozi bila kuibana.
3. Andika kushoto na kulia. Miezi 3 ya kwanza pima kila siku, baadaye mara moja kwa wiki na kila baada ya safari ndefu au siku za kulala mgonjwa.
4. Gusa miguu yote kwa mgongo wa mkono. Mmoja ukiwa na joto kuliko mwenzake, rudia kupima.

Tofauti ya kudumu ya sm 1 kati ya miguu ni ya kawaida kwa wengi. Kinachohesabika ni kubadilika. Mguu mmoja ukiuzidi mwenzake kwa sm 3, au ukiongezeka ghafla kutoka ulivyokuwa wiki iliyopita, nenda hospitali siku hiyohiyo ukapigwe picha ya ultrasaundi.

Onyo kubwa: usiukande mguu uliovimba upande mmoja. Usiunyooshe wala kuufanyia mazoezi. Bonge la damu likibanduka husafiri hadi mapafuni. Tena uvimbe wa mguu mmoja unaweza kuwa mfupa uliovunjika, maana mifupa iliyopooza huwa dhaifu na huvunjika hata kwa kuhamishwa vibaya. Unaweza kuwa maambukizi, au mfupa unaoota ndani ya misuli karibu na nyonga. Yote manne yanafanana kwa macho, na mkono wa kukanda unaweza kuyaharibu yote manne.

Kukosa pumzi ghafla, moyo kwenda mbio, kukohoa damu, au kuzirai bila sababu: hiyo ni dharura ya sasa hivi, hata kama miguu haijavimba.

Na jambo dogo linalosahaulika: ukilazwa, omba dripu iwekwe mkononi. Vena za mguu uliopooza zina shida za kutosha.

HATUA YA 5: NYAYO NA NGOZI

Hii ni fupi lakini ya kila jioni. Tumia kioo. Tazama visigino, kati ya vidole, pembe za kucha, makalio. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo gusa: sehemu yenye joto, ngumu au laini kuliko jirani yake ni kidonda kinachoanza. Bonyeza ukucha wa dole gumba mpaka upauke, uachilie. Rangi irudi ndani ya sekunde 3 hivi. Ikichelewa mguu mmoja tu, mara kwa mara, kapime ateri.

Miguu kuwa ya baridi na kubadilika rangi ikining'inia ni jambo la kawaida. Kinachoharibu ni kuipasha moto kwa chupa ya maji ya moto, mkaa au hita. Ngozi haihisi na mishipa haitawanyi joto, hivyo unaungua huku umetulia. Vaa soksi nene tu.

HATUA YA 6: MAZOEZI, UZITO NA VIPIMO VYA DAMU

Ateri kubwa ya paja husinyaa kwa takriban theluthi moja ndani ya wiki chache za kupooza, kwa sababu misuli inayolishwa nayo haidai tena damu. Watu wengi hudhani kunyooshwa miguu na msaidizi kunairudisha. Hakuirudishi, au ni kidogo sana. Kunyoosha kunalinda viungo visikakamae, na kwa hilo kuendelee. Ateri hupanuka misuli yenyewe inapofanya kazi, na kwa mguu uliopooza njia iliyothibitika ni baiskeli ya kusisimua misuli kwa umeme. Hiyo inahitaji misuli ambayo bado hujibu umeme, na haifai kwa mwenye betri ya moyo, damu iliyoganda karibuni, au mfupa ambao haujaunga.

Moyo na mishipa mingine hunufaika na kazi ya mikono. Kiwango cha kimataifa cha mtu mzima mwenye jeraha la uti wa mgongo ni dakika 20 za mazoezi ya pumzi, ya wastani hadi makali, mara 2 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu seti 3 kwa kila kundi la misuli inayofanya kazi, mara 2 kwa wiki. Kwa kulinda moyo, sukari na mafuta ya damu, panda hadi dakika 30, mara 3 kwa wiki.

1. Toa mkojo kwanza. Mazoezi na kibofu kilichojaa ni kuita presha.
2. Vaa mkanda wa tumbo kama unashuka presha.
3. Anza na dakika 5 hadi 10 za kusukuma kiti au baiskeli ya mikono, polepole. Ongeza dakika 2 au 3 kila wiki.
4. Usifuate mapigo ya moyo. Jeraha likiwa T6 au juu, moyo mara nyingi hauvuki 100 hadi 130 hata ukijitahidi vipi. Fuata pumzi: unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, hiyo ni nguvu ya wastani.
5. Jinyunyizie maji usoni na shingoni. Chini ya jeraha hutoi jasho la kutosha, mwili unachemka haraka.
6. Kwa kila zoezi la kusukuma mbele, fanya la kuvuta nyuma. Bega likiharibika mazoezi yote yamekwisha.
7. Maliza na dakika 5 hadi 10 za polepole. Ukiacha ghafla, presha huporomoka.

Kuna wanamichezo hukaza mikanda au kuacha kibofu kijae makusudi ili presha ipande na wapate nguvu. Kamati ya Kimataifa ya Paralimpiki imekataza jambo hilo, na si kwa sababu ya udanganyifu tu: presha hiyo hupasua mishipa ya ubongo.

Uzito una kipimo chake pia. Kwa kuwa misuli imepungua na mafuta yamechukua nafasi, BMI (uzito kwa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) ya 22 tayari inahesabiwa kuwa unene uliozidi. Ile 25 ya watu wote inadanganya. Pima urefu ukiwa umelala. Pima uzito pamoja na kiti, kisha toa uzito wa kiti. Mtu wa kilo 70 na urefu wa m 1.75 anapata 22.9, maana yake amevuka. Kiuno kipimwe umelala, ukishatoa pumzi, chini ya ubavu wa mwisho; sm 94 ni alama ya tahadhari.

Mara moja kwa mwaka omba sukari ya kufunga na mafuta ya damu. Linalojitokeza sana ni mafuta mazuri (HDL) kuwa chini: chini ya mg/dl 40 kwa mwanaume na 50 kwa mwanamke. Jumla ya kolesteroli inaweza kuonekana safi kabisa huku HDL ikiwa 32. Soma mstari kwa mstari. Sigara sina haja ya kuieleza. Inabana mishipa ambayo tayari imesinyaa.

HATUA YA 7: PRESHA KUPANDA GHAFLA

Kitaalamu huitwa disrefleksia ya otonomia. Kitu fulani chini ya jeraha kinauchokoza mwili: kibofu kilichojaa, choo kilichokwama, kucha, kidonda. Mishipa ya chini inajibana kwa pamoja na ubongo hauwezi kuizuia. Dalili ni kichwa kugonga, uso na shingo kuwaka na kutoa jasho, pua kuziba, vipele vya baridi kusimama, chini ya jeraha ngozi baridi, mara nyingi moyo kwenda polepole. Inaweza kuleta kiharusi au degedege. Anayekuhudumia azijue hatua hizi kwa moyo.

1. Kaa wima, nyuzi 90, shusha miguu. USILALE.
2. Legeza kila kinachobana: mkanda wa tumbo, soksi, viatu, mkanda wa suruali, kamba za mfuko wa mkojo.
3. Pima presha, halafu kila dakika 2 hadi 5.
4. Kibofu kwanza, kwa kuwa ndicho chanzo cha mara nyingi. Kama una mpira, ufuate kutoka mwilini hadi mfukoni: umejikunja? umekaliwa? mfuko umejaa? Kama hautoi, ingiza taratibu ml 10 hadi 15 tu za maji ya chumvi yenye joto la mwili. Ukigoma bado, badilisha mpira. Kama huna mpira, ingiza mmoja.
5. Kabla ya kuingiza mpira, weka jeli ya lidokeini na usubiri angalau dakika 2. Kuruka hapa ndilo kosa kubwa: mpira mkavu wenyewe unaongeza uchokozi.
6. Namba ya juu ikifika 150 au zaidi, na kibofu kimeshashughulikiwa, tumia dawa ya dharura uliyoandikiwa kabla hujagusa njia ya haja kubwa.
7. Kisha choo. Jeli ndani, subiri tena angalau dakika 2, kidole chenye glavu kiingie polepole. Presha ikipanda zaidi, acha, weka jeli nyingine, ngoja.
8. Bado? Kagua mwili mzima: kucha iliyozama, mshono wa nguo, korodani zilizokaliwa, moto, jipu, mfupa. Kwa mjamzito, uchungu unaweza kujitangaza kwa njia hii tu.
9. Chanzo hakionekani au presha haishuki: hospitali, ukiwa umekaa, hata ndani ya gari.
10. Ikishatulia, endelea kupima kwa saa 2. Hurudi, na baada ya dawa inaweza pia kuanguka chini mno.

Onyo: ukiwa umemeza dawa za nguvu za kiume, sildenafili ndani ya saa 24 au tadalafili ndani ya saa 48 zilizopita, usipewe dawa za jamii ya naitrogliserini. Sema hata kama chumba kimejaa watu.

Kadi ya dharura ibebe haya: pingili ya jeraha, presha ya kawaida ukilala na ukikaa, dawa zote, mzio, sentensi moja, "nikiumwa kichwa nikalishwe wima, msinilaze", na namba 1 hadi 7 za orodha hii ya hapo juu. Si kila daktari wa zamu ameshaona hali hii.

IKIKWAMA: SHIDA ZA MARA KWA MARA

Sijui kama presha imepanda au imeshuka. Ndiyo hofu ya wengi, kwa kuwa tiba zake zinapingana: moja unalazwa, nyingine unakalishwa. Kuumwa kichwa, uso kuwaka na jasho ni kupanda. Kuona giza, kupauka na kulegea bila kichwa kuuma ni kushuka. Mashine ikiwa karibu, pima kwanza, sekunde 40 zinatosha.

Mashine inaandika kosa kila mara. Mikakamao ya misuli inatikisa mkono, au presha ni ya chini sana. Egemeza mkono kwenye mto, ngoja utulie, rudia. Ikigoma mara tatu, tumia mashine ya kusikiliza kwa masikio.

Miguu yote miwili inavimba jioni. Kwa kawaida ni kutuama tu. Inua miguu usawa wa moyo dakika 30 mchana, kagua soksi kama zimelegea. Uvimbe usiopungua asubuhi upelekwe kwa daktari wa moyo na figo.

Usiku mkojo ni mwingi kuliko mchana. Ni maji ya uvimbe wa miguu yanayorudi kwenye damu ukilala. Inua miguu alasiri ili yatoke mapema, vinginevyo kibofu kitajaa usingizini na kukuletea Hatua ya 7 saa nane za usiku.

Kichwa kinagonga kila siku ya choo. Presha inapanda wakati wa kutoa. Jeli ya lidokeini iwe sehemu ya utaratibu, choo kiwe laini, na upime mara mbili ukiwa katikati ya kazi.

Sijawahi kuumwa kifua, kwa hiyo moyo wangu ni mzima. Jeraha likiwa juu ya T4 hivi, maumivu ya kifua yanaweza yasifike kabisa. Tafuta uchovu usio wa kawaida, kukosa pumzi, kichefuchefu, maumivu ya taya, au mikakamao iliyoongezeka bila sababu. Ukienda hospitali, usiseme "sijisikii vizuri" ukaishia hapo. Sema una jeraha la uti wa mgongo, huhisi kifua, na unaomba kipimo cha moyo.